Pale Odi Inapofika 1000

Tarehe 13 Agosti 2020, katika uwanja wa Leopardstown nchini Ayalandi, farasi aitwaye He Knows No Fear alitoka nyuma na kushinda mbio ambazo kampuni za kubeti zilikuwa zimempa odi ya 300 kwa 1, yaani faida ya 300 kwa kila 1 iliyowekwa. Rekodi aliyoivunja ilikuwa imedumu miaka thelathini, tangu farasi Equinoctial aliposhinda kule Kelso, Uskoti, mwaka 1990, kwa odi ya 250 kwa 1. Jioni hiyo hiyo binamu yangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kufuatilia mbio za farasi, aliniandikia ujumbe: “Kaka, kama farasi wa 300 anashinda, kwa nini tusiweke pauni 2 kwa kila farasi anayefika 1000? Hata akishinda mmoja kwa mwaka si tumerudisha?” Nilimjibu kwa haraka kwamba hiyo ni bahati nasibu tu, jibu ambalo halikumsaidia yeye wala halikuniridhisha mimi, kwa sababu swali lake lilikuwa zuri na lilistahili hesabu. Ninaandika hapa jibu ambalo ningepaswa kumpa siku ile.

Kwanza ni lazima tuelewane kuhusu mahali namba hiyo ya 1000 inapopatikana. Kwenye kampuni ya kawaida ya kubeti, kampuni ndiyo inayopanga odi na ndiyo inayolipa. Kwenye soko la kubadilishana dau, kama lile la Betfair lililoanza mwaka 2000 nchini Uingereza, mbashiri hukutana na mbashiri mwenzake: mmoja anaunga, yaani anaweka fedha kwamba farasi atashinda, na mwingine anapinga, yaani anapokea dau hilo na kuahidi kulipa iwapo farasi huyo atashinda. Kampuni inakata kamisheni kwenye faida ya mshindi, kwa kawaida kati ya asilimia 2 na 5, na haijali nani kashinda. Odi huandikwa kwa desimali na hujumlisha dau lenyewe, kwa hiyo 300 kwa 1 ya kampuni za kubeti ni 301 kwa desimali. Bei, yaani odi, ya chini kabisa inayoruhusiwa ni 1.01, na ya juu kabisa ni 1000.

Namba 1000, basi, ni dari, na hilo ndilo jambo ambalo binamu yangu hakuliona, nami pia sikuliona kwa muda mrefu. Tunapoona 14 au 40 kando ya jina la farasi, tunasoma makadirio ya watu wengi ambao wangeweza kusema 13 au 42 lakini wakakubaliana hapo. Tunapoona 1000, hatujui kama soko linasema mmoja kati ya elfu, mmoja kati ya elfu tano, au haiwezekani kabisa, kwa sababu mfumo hauruhusu namba kubwa zaidi. Farasi aliyebaki nyuma kwa umbali mrefu huandikwa 1000. Farasi aliyeanguka, ambaye joki wake, yaani mpanda farasi, anatembea kwa miguu kuelekea kwenye uzio, naye huandikwa 1000.

Hesabu ndogo inaonyesha jinsi dari hilo lilivyo chini. Tuchukue mbio za farasi kumi na sita zinazokaribia mwisho, ambapo mmoja ameshatengana na wenzake na bei yake imeshuka hadi 1.01. Bei hiyo, ikiwa ni sahihi, inampa nafasi ya asilimia 99.01. Inabaki asilimia 0.99 kugawanywa kwa farasi kumi na tano, ambayo ni kama asilimia 0.066 kwa kila mmoja kwa wastani, na odi ya haki ya nafasi hiyo, yaani ile isiyopendelea upande wowote, ni takriban 1515. Yaani farasi wa wastani katika kundi la nyuma, si yule dhaifu kuliko wote, tayari amestahili bei ambayo soko haliwezi kuiandika. Anayemuunga kwa 1000 anaamini amepata bei kubwa isiyo ya kawaida, kumbe amelipwa theluthi mbili ya thamani ya hatari aliyoibeba.

Kuna pia suala la nani yuko upande wa pili. Kwenye skrini ya Betfair kila farasi ana visanduku vya buluu, ambamo mtu anaweza kuunga, na vya waridi, ambamo anaweza kupinga. Ndani ya kila kisanduku kuna bei juu na kiasi cha fedha chini yake. Ukiona kisanduku cha buluu chenye 1000 na chini yake pauni 4, maana yake kuna mtu aliyekubali soko limfungie pauni 3,996, zisiguswe hadi mbio ziishe, ili ajipatie pauni 4. Watu wengi wakiliona hilo hudhani mpingaji huyo amerukwa na akili. Mimi nilidhani hivyo pia, hadi nilipokaa na karatasi na kufuatilia fedha zake zinavyofanya kazi.

Mpingaji huyo hapingi farasi mmoja. Kwa kuwa mbio zina mshindi mmoja, soko halimdai afungiwe pauni 3,996 kwa kila farasi anayempinga; fedha zile zile zinatosha kwa wote. Tuseme anapinga wote kumi na tano kwa pauni 4 kila mmoja, kwa bei ya 1000. Akishinda yule wa mbele, mpingaji amekusanya pauni 60. Akishinda mmoja wa wale kumi na tano, analipa 3,996 lakini anabaki na pauni 56 za wengine, kwa hiyo hasara yake ni pauni 3,940. Kuhatarisha 3,940 ili upate 60 ni sawa na kumuunga farasi wa mbele kwa bei ya 1.015, wakati kila mtu mwingine sokoni anapanga foleni kumuunga kwa 1.01. Ni kweli kwamba si rahisi apate waungaji kwa farasi wote kumi na tano ndani ya sekunde chache zilizobaki, lakini kadiri anavyowapata wengi ndivyo anavyojisogeza karibu na bei hiyo nzuri. Mtu huyo, au mara nyingi programu ya kompyuta iliyoandikwa na mtu huyo, anajua vizuri sana anachokifanya, na pauni 2 za binamu yangu ndizo anazozingoja.

Jambo la tatu nililijifunza kwa kuumia. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mazoea ya kuweka ombi la kuunga la pauni 2 kwa bei ya 1000 kabla ya mbio za kuruka viunzi, kwa farasi ambaye soko lilimpa 30 au 40, kisha nikaliacha ombi hilo likae mbio zikiendelea. Nilijiambia kwamba farasi wa 38 akinunuliwa kwa 1000 ni neema. Siku moja ombi langu lilichukuliwa huku kwenye picha yangu farasi akionekana wa tatu, anakimbia kwa utulivu, kichwa chini, na joki hajaanza hata kumhimiza. Nilifurahi kiasi cha kusimama. Sekunde mbili au tatu baadaye, kwenye picha ile ile, nilimwona akifika kwenye kiunzi, akiruka mapema mno, na kuanguka kwa bega. Yule aliyenipinga alikuwa ameshauona mwanguko huo wakati mimi bado naangalia picha ya nyuma ya wakati. Picha za televisheni na za intaneti huchelewa. Watu walioko uwanjani, au wenye picha za haraka zaidi, huziona mbio kabla yetu. Soko huweka kuchelewa kidogo kabla ya kukubali dau jipya mbio zikiendelea, lakini kuchelewa huko hakumlindi mtu aliyeliacha ombi lake likiwa wazi. Ombi la 1000 linalongoja huchukuliwa hasa pale ambapo farasi hana tena thamani hata ya 1000. Tangu hapo nimeacha kabisa kuliita soko hilo la haki kwa pande zote mbili, ingawa bado nalipenda.

Sasa turudi kwenye hesabu ya binamu, na tumpe nafasi nzuri kuliko anayoipata kwa kweli. Tuseme kila farasi anayemuunga kwa 1000 ana nafasi kamili ya mmoja kati ya elfu. Akiweka pauni 1 mara elfu moja, kwa wastani atashinda mara moja: faida ya pauni 999, ambayo baada ya kamisheni ya asilimia 5 inabaki pauni 949.05, dhidi ya hasara ya pauni 999 kwenye dau nyingine zote. Amepoteza kama pauni 50. Hiyo ndiyo hali njema. Iwapo nafasi ya kweli ni mmoja kati ya elfu mbili, katika kila pauni 2,000 atapoteza takriban 1,050, yaani zaidi ya nusu ya fedha zake.

Lakini wastani huo wenyewe unaficha jambo ambalo kwangu mimi ni zito kuliko hasara. Hata nafasi ikiwa ni mmoja kati ya elfu kamili, uwezekano wa kuweka dau elfu moja bila kushinda hata mara moja ni karibu asilimia 37. Ukiweka elfu mbili, uwezekano wa kutoka mikono mitupu ni asilimia 13.5, ukiweka elfu tatu, bado ni asilimia 5. Mtu anayeweka dau kumi kwa siku, kila siku, anafikisha elfu tatu baada ya siku mia tatu. Katika kila watu ishirini watakaofanya hivyo, mmoja atamaliza siku hizo zote bila kuona ushindi wowote, na hatakuwa amekosea chochote. Kinyume chake, yupo atakayeshinda katika wiki ya kwanza, naye ataamini kwamba amegundua siri.

Hapo ndipo uzoefu unapokosa cha kutufundisha. Ukitaka kujua kama odi ya 2 uliyokuwa ukiiunga ilistahili kuwa 4, dau arobaini zinatosha kukupa fununu, kwa sababu utatarajia ushindi ishirini upande mmoja na kumi upande mwingine. Ukitaka kutofautisha mmoja kati ya elfu na mmoja kati ya elfu mbili kwa kiwango hicho hicho cha ushindi ishirini dhidi ya kumi, unahitaji dau elfu ishirini. Kwa dau kumi kwa siku, hiyo ni zaidi ya miaka mitano, na katika miaka hiyo mbio zitakuwa zimebadilika, soko litakuwa limebadilika, na hata wewe utakuwa umebadilika. Nimewahi kukutana na watu waliosema kwa uhakika kwamba “wale wa 1000 wanalipa kuliko inavyodhaniwa”, na wengine waliosema kwa uhakika ule ule kwamba hawalipi kamwe, na sikuona hata mmoja aliyekuwa na dau za kutosha kuwa na maoni.

Skrini nayo inachangia kutupotosha. Ngazi za bei kwenye soko hili si sawa: kati ya 1.01 na 2 bei hupanda kwa 0.01, lakini kuanzia 100 hadi 1000 hupanda kwa 10. Farasi akishuka kutoka 1000 hadi 500 wakati mbio zinaendelea, macho yanaona namba zikiporomoka ngazi hamsini, na moyo unaanza kwenda mbio. Nafasi yake imepanda kutoka asilimia 0.1 hadi 0.2. Wakati huo huo farasi mwingine ameshuka kutoka 2 hadi 1.9, ngazi kumi tu, na nafasi yake imepanda kwa zaidi ya asilimia mbili na nusu. Ninapendekeza kwa yeyote anayejifunza aandike pembeni ya kila bei asilimia yake, angalau kwa wiki chache, mpaka jicho lizoee.

Kwamba watu huwapa farasi wasio na nafasi thamani kubwa kuliko wanayostahili si jambo jipya. Mwanasaikolojia Griffith aliliandika mwaka 1949 alipochunguza mbio za Marekani. Mwaka 2010 wachumi Erik Snowberg na Justin Wolfers walichapisha uchunguzi wa mamilioni ya mara ambazo farasi walikimbia Marekani, na wakaonyesha kwamba aliyeunga kila farasi mwenye odi ya 100 kwa 1 au zaidi angepoteza kama asilimia 61 ya fedha zake, wakati aliyemuunga kipenzi cha soko, yaani farasi mwenye odi ndogo kuliko wote, katika kila mbio angepoteza kama asilimia 5.5. Hizo ni takwimu za mfumo mwingine, ule ambao dau zote huchangwa katika chungu kimoja na kugawanywa baada ya makato makubwa, kwa hiyo haziwezi kubebwa zilivyo na kuwekwa kwenye soko la kubadilishana. Waliolinganisha masoko haya na kampuni za kubeti nchini Uingereza walikuta upotofu huo ni mdogo zaidi kwenye soko la kubadilishana. Mdogo zaidi, ndiyo, lakini upo, na sababu yake ni ile ile ambayo wanasaikolojia Kahneman na Tversky waliieleza mwaka 1979: akili ya binadamu huikuza nafasi ndogo sana inapoipima.

Pamoja na hayo, farasi hao hushinda. Mwaka 1967, katika Grand National, mbio maarufu za viunzi kule Aintree, Uingereza, farasi asiye na joki aitwaye Popham Down alikatiza mbele ya wenzake kwenye kiunzi cha ishirini na tatu, ambacho ni kimojawapo cha vidogo kabisa uwanjani, na karibu kundi zima likasimama, likagongana au likaanguka. Foinavon, aliyekuwa nyuma sana, alipata mwanya, joki wake John Buckingham akamrusha, na wakaenda zao. Odi yake ilikuwa 100 kwa 1, na chungu cha dau cha uwanjani kililipa 444 kwa 1. Kiunzi kile leo kinaitwa kwa jina lake. Ninaupenda mfano huu kwa sababu unafundisha jinsi nafasi ndogo sana zinavyozaliwa. Mtu akizidisha uwezekano wa kila farasi wa mbele kuanguka peke yake, atapata namba ndogo isiyo na maana. Lakini hawakuanguka kila mmoja kwa sababu yake. Walianguka kwa sababu moja. Nafasi ya farasi wa nyuma inakaa hapo, katika balaa moja linalowakumba wengi kwa pamoja, na ndiyo maana 1000 katika mbio za viunzi na 1000 katika mbio za uwanda tambarare mita mia mbili kabla ya mwisho si namba moja, hata kama skrini inaziandika sawasawa. Mwezi Machi 2020, katika mbio za viunzi za Triumph Hurdle kule Cheltenham, Goshen alifika kwenye kiunzi cha mwisho akiwa na pengo kubwa mbele ya wote, akajikwaa na kumwangusha joki wake, na Burning Victory akashinda. Katika mbio tambarare hakuna kiunzi cha mwisho.

Binamu aliposikia habari za mpingaji wa pauni 3,996 aliuliza, kama ilivyotarajiwa, kwa nini basi tusiwe sisi wapingaji. Nilimsimulia habari ya Voler La Vedette. Tarehe 28 Desemba 2011, hapo hapo Leopardstown, farasi huyo jike alikuwa anaelekea kushinda kwa urahisi, na sokoni Betfair kulikuwa na mtu anayempinga kwa odi ya 29 kwa dau la hadi pauni milioni 21. Zidisha na utaona kwamba ahadi hiyo ilikuwa ya kulipa zaidi ya pauni milioni 580. Ilikuwa ni hitilafu: programu ya mteja mmoja, asiye na fedha hizo hata chembe, ilipita kwenye vizuizi ambavyo vingepaswa kuizuia. Kampuni ilifuta dau zote zilizowekwa wakati mbio zinaendelea, na waliodhani wameshinda hawakulipwa. Mpingaji wa odi kubwa anaishi kwa pauni chache za kila siku na hasara moja inayoweza kufuta miezi, na kosa lake, liwe la programu au la kidole kilichobonyeza kisanduku cha jirani, huzidishwa kwa odi yenyewe.

Siku hizi katika daftari langu la mbio siandiki tena 1000 peke yake. Ninaandika alama ya kuzidi mbele yake, kisha aina ya mbio, viunzi vilivyobaki, na kiasi cha fedha kilichokuwa kikingoja kwenye kisanduku cha buluu wakati huo. Binamu ameniomba nimpe nakala ya kurasa za msimu uliopita. Nimemwambia aje nazo kalamu na kikokotoo, tuanzie ukurasa wa kwanza.